Ciakuthii na Kifungu cha Ndizi za Mzazi

Mtu akikuambia Ciakuthii wa Kanja alizaliwa akijua kuandika mikataba, mlete kwangu nimnyooshe. Hakuzaliwa akijua. Alijifunza akiwa na miaka arobaini na miwili, tope likiwa kwenye gambuti zake, na nusu ya mafunzo hayo aliyapata kwangu. Mimi sikujua kama nafundisha. Nilidhani nagombana naye tu.

Jina langu ni Virginia, mwenyekiti wa kikundi chetu cha wanawake wakulima wa ndizi. Tulikuwa thelathini na saba wakati huo. Domo ninalo na silifichi. Mume wangu husema nikifika mbinguni nitauliza kwanza kwa nini lango limechelewa kufunguliwa. Ciakuthii alikuwa katibu wetu, na yeye ni kinyume changu. Mwembamba, mtaratibu, ukimtukana anakungojea umalize. Haki ya nani, hakuna kitu kinachonikera kama mtu anayekungojea umalize.

Kabla ya kurudi Kanja alifanya kazi mjini Embu, kwenye ofisi ya wakili mmoja ambaye sasa ni marehemu. Miaka kumi na mmoja alikuwa akichapa mikataba kwa taipureta: ya maduka, ya malori, ya kahawa, ya viwanja. Ungedhani mtu wa namna hiyo anajua sheria. Wapi! Alikuwa kama mtu anayekamua ng'ombe wa jirani, maziwa anayaona kila siku lakini hayanywi. "Nilikuwa naangalia kasi tu, Mama Mwenyekiti," aliwahi kuniambia. "Maneno yalipita kwenye vidole yakaenda zake." Wakili alipofariki ofisi ikafungwa, naye akarudi kwa mume wake Muturi, dereva wa lori la majani chai, akashika jembe kama sisi wengine.

Sasa sikia kosa langu, kwa sababu hadithi hii inaanza na kosa langu.

Katikati ya mwaka wa elfu mbili na nane ilikuja kampuni ya matunda kutoka Nairobi. Ilikuwa imeona migomba yetu mipya, ile ya maabara, ikataka kununua ndizi zote. Nayo ingetuletea mabomba ya maji kutoka mtoni hadi kila shamba. Mabomba yangebaki kuwa mali ya kampuni, lakini maji ni yetu. Tulipiga vigelegele. Siku ya sahihi walikuja na soda na mikate, na mkataba wa kurasa kumi na mbili za Kiingereza. Ajenti wao, Bwana Mwirigi, kijana wa Meru mwenye adabu zake, akatusomea harakaharaka kama kuhani anayewahi ibada ya pili.

Ciakuthii akanivuta kando. "Mama Mwenyekiti, tuombe siku mbili. Tukausome nyumbani, mstari kwa mstari."

"Wacha mambo ya ofisi, mama," nikamwambia, tena kwa sauti, watu wasikie. "Hawa wametoka Nairobi. Tuwaambie walale kwenye zizi la mbuzi wakingoja wewe usome?"

Watu wakacheka. Nikatia sahihi kwa madaha, nikafuta kalamu kwa leso. Mdharau mwiba mguu huota tende, na tende langu lilichukua mwaka mmoja kuota.

Mwaka wa elfu mbili na tisa mvua ilikataa. Wenye umri wanakumbuka kiangazi kile: mahindi yalikauka yakiwa kimo cha goti, na ng'ombe walikula hata vikonyo vya migomba. Sisi tulikuwa na mabomba. Mashamba yetu yalikuwa ya kijani katikati ya vumbi, hata watu wa mji wa Runyenjes walikuja kutazama. Mwezi wa Agosti, mke wa mwana wa Rwamba akajifungua mtoto wa kiume.

Rwamba ni jirani yangu na mwanamke mwenzetu wa kikundi, na kwetu mzazi haendewi mkono mtupu. Mwanamke akijifungua, wanawake wanamwendea na kuni, na uji, na ndizi mbichi za kupondwa na njahi, yale maharagwe meusi, ili apate maziwa. Na ndizi hizo hazinunuliwi sokoni. Unazikata shambani mwako, kwa panga lako, unazibeba kwa mgongo wako. Ukinunua, mzazi atakula, ndiyo, lakini wenzako watakuuliza kama shamba lako limelaaniwa. Kwa hivyo tukafanya kama mama zetu walivyofanya. Tulikata mikungu tisa, tukaenda tukiimba barabara nzima.

Kesho yake Bwana Mwirigi akaja kuhesabu mikungu. Kila mkungu ulikuwa umefungwa utepe wa rangi kuonyesha wiki yake ya kukatwa. Akahesabu, akarudia, akatazama vikonyo vilivyokatwa, akapiga picha. Wiki moja baadaye barua ikafika. Kifungu cha tisa: mkulima hatauza, hatagawa wala kuondoa ndizi yoyote shambani kwa sababu yoyote. Kifungu cha kumi na nne: mkulima akivunja cha tisa, kampuni inaweza kuvunja mkataba na kung'oa mabomba yake.

"Ala! Kung'oa?" nilimpigia kelele Mwirigi. "Kwa sababu ya uji wa mtoto?"

"Mama, mimi ni Mmeru," akasema, na hata leo nakiri aliona haya. "Mzazi namjua. Lakini karatasi haimjui."

Kampuni ikatupa hadi tarehe thelathini Septemba. Tutie sahihi mkataba mpya, wenye kifungu kilekile cha tisa kilichoongezwa makali, au mabomba yang'olewe. Na kiangazi kile, mgomba uliobeba ukikosa maji wiki mbili, unapinda mgongo na kulala chini na mkungu wake. Mashamba thelathini na saba. Ada ya shule ya watoto wote wa kijiji ilikuwa imening'inia kwenye migomba hiyo.

Tulikutana jikoni kwa kanisa, kwa maana ukumbi ulikuwa na harusi. Mmoja akasema tukate ndizi kwa siri. Mwingine akasema kwani kuna ubaya gani kununua Runyenjes, siku hizi si za zamani. Rwamba mwenyewe, aliyeletewa ndizi zilizotuletea balaa, alilia tu. Nilikuwa nimekaa kama mtu aliyemwagiwa maji baridi. Wote walijua ni nani alitia sahihi bila kusoma, na hakuna aliyesema, jambo ambalo lilinichoma zaidi.

Ciakuthii akasimama. "Tutawaandikia kifungu chetu."

"Nani atakiandika?" nikauliza.

"Mimi."

"Wewe ulikuwa unachapa, Ciakuthii. Kuchapa si kuandika!"

"Ni kweli," akasema. "Kwa hivyo nitajifunza. Siku zimebaki ishirini na nne."

Hivyo tu. Akafunga daftari akaenda kukamua.

Alianza kwa wakili mmoja wa Embu mjini. Karani wa wakili akamwambia arudi Novemba. Novemba! Migomba ingekuwa mbolea. Hapo ndipo alipomkumbuka Mzee Mbaka, ambaye alikuwa karani mkuu kwenye ile ofisi yao ya zamani. Mzee Mbaka alikuwa amestaafu, amefungua duka la fotokopi Runyenjes, na alikuwa na hasira za mtu aliyesahihisha makosa ya mawakili miaka thelathini bila kushukuriwa. Ciakuthii akapanda bodaboda akaenda na rasimu yake ya kwanza mfukoni.

Mzee akaisoma akiwa amesimama. "Hii ni nini? 'Tunaiomba kampuni ielewe mila zetu.' Hii ni barua ya kumwomba mwalimu mkuu ruhusa ya kwenda mazishini!"

"Nirekebishe wapi, Mzee?"

"Kila mahali. Kifungu hakiombi. Kinasema nani, afanye nini, lini, na asipofanya, nini kinampata. Kikikosa moja kati ya hayo, umeandika salamu." Akamrudishia karatasi. "Kaandike tena. Ukimaliza usiniletee mimi kwanza. Mpelekee adui akivunje. Huko Kanja hakuna mtu mkorofi?"

Ciakuthii hakufikiri hata kidogo. "Yuko, Mzee. Ni mwenyekiti wangu."

Hayo nilikuja kuambiwa miaka mingi baadaye, na nilimnunia siku nzima. Wakati ule nilimwona tu anaingia kwangu na karatasi. "Mama Mwenyekiti, jifanye wewe ni kampuni. Tena kampuni mbaya. Nisomee uone utaniibia wapi."

Ebo! Kazi hiyo mtu ananiomba? Nikakaa vizuri. Rasimu ya pili ilisema mkulima anaweza kuondoa "kiasi cha haki cha ndizi."

"Kiasi cha haki ni kiasi gani? Mimi mkulima mwizi nitabeba mikungu kumi, niuze Embu, niseme ni haki. Na mimi kampuni nitasema haki ni ndizi mbili mkononi. Vunja!"

Akaandika kando, akaenda. Asubuhi iliyofuata, rasimu ya tatu: "kulingana na mila."

"Mila ya nani? Ya Kanja, ya Kiirua, ya Nairobi? Nani ataenda kortini kuapa kwamba bibi yake alifanya hivi? Vunja!"

Rasimu iliyofuata alikuwa ameweka idadi, mikungu minne kwa mwaka. Nikamuuliza, kama kampuni imeshaahidi ndizi zote kwa wanunuzi wake na wewe unaondoa minne hapa, minne pale, mashamba thelathini na saba, wao watajazaje lori? Watakubali kwa nini, kwa sababu tuna macho mazuri? Nilimwona anaumiza kichwa na, nikwambie ukweli, nilikuwa nafurahi. Nilikuwa nimekosea mbele ya watu wote, na sasa nilikuwa nimepata mtu wa kukosolewa na mimi. Siku kumi na mbili aliingia na kutoka kwangu hivyo. Asubuhi ananiletea, jioni anakamua, siku ya soko anaenda kwa Mzee Mbaka, anarudi na wino mwekundu karatasi nzima. Sikuwahi kumsikia akisema amechoka.

Siku ya kumi na tatu nilikuwa na hasira zangu nyingine, ng'ombe alikuwa amemwaga ndoo. Akaja na rasimu, akasema neno "mzazi" bado halijamkalia vizuri, anataka kujua hasa mzazi ni nani. Nikamtolea macho.

"Hujui mzazi ni nani? Bila shaka hujui! Wewe hujawahi kuletewa ndizi hata siku moja, unapigania nini?"

Maneno yalitoka. Nilitamani kuyarudisha, lakini maji yakimwagika hayazoleki. Ciakuthii alinitazama, akakunja karatasi mara mbili, akaiweka mfukoni mwa aproni. "Nimesikia," akasema, akaondoka.

Chakula kilinishinda. Nilikuwa nikikumbuka mwezi wa Aprili mwaka wa themanini na tisa. Ciakuthii alikuwa na miaka ishirini na miwili, tumbo limemjaa, anafanya kazi mjini. Alijifungulia hospitali ya huko, akarudi Kanja mikono mitupu. Mtoto hakulia hata mara moja, ndivyo tulivyoambiwa. Na kwetu pale pasipo mtoto hapapelekwi ndizi. Unapeleka wapi, kwa nani? Hatukuwa wabaya. Hatukujua la kufanya tu. Mimi wiki ile nilikuwa nikipita njia ya chini, ile ya mtoni, yenye matope, ili nisikutane naye langoni. Baada ya hapo yeye na Muturi hawakupata mwingine. Miaka ishirini, na hakuna mtu aliyewahi kumtajia jambo lile, hadi mimi, kwa sababu ya ndoo ya maziwa.

Kulipokucha nilijiandaa niende nikaombe msamaha. Kabla sijavaa hata viatu, akawa ameshafika mlangoni.

"Ciakuthii, jana mimi—"

"Vunja, mama," akasema, akanipa karatasi. "Siku zimebaki kumi."

Nikakaa. Rasimu ile haikufanana na zile za kwanza.

"Tulikuwa tunapiga mahali ambapo hapaumi," akanieleza. "Kifungu cha tisa hakina shida. Tazama ukurasa wa kwanza, pale wanapoeleza maana ya maneno. Wameandika 'ndizi' ni ndizi zote za migomba yote shambani. Shida iko hapo. Nilichapa kurasa za namna hii miaka kumi na mmoja, nikizipita haraka nifike kwenye mambo yenyewe. Kumbe mambo yenyewe ni hizo."

Kwa hivyo alikuwa ameandika maana mpya. Ndizi ni za migomba yote isipokuwa migomba miwili, iliyo karibu na nyumba ya kila mkulima, iliyofungwa utepe mweupe. Hiyo miwili haihesabiwi na kampuni tangu mwanzo, kwa hivyo lori lao halitapungukiwa kamwe. Nayo haitauzwa kwa mtu yeyote; itatolewa kwa mzazi tu, kwa ushahidi wa wanakikundi wawili watakaojaza fomu. Nikatafuta mahali pa kuingiza kidole nisipate. Mkulima hangeweza kuiba na kampuni haingeweza kulalamika.

Halafu nikafika mstari wa mwisho. "Mzazi ni mwanamke aliyejifungua, mtoto awe hai au asiwe hai."

Nilisoma mstari ule mara mbili. Alikuwa amesimama, anangojea nimalize.

"Hapo sivunji," nikasema. "Nisamehe, Ciakuthii."

"Mama, kama hakivunjiki, niende kwa Mzee Mbaka tukakiweke kwa Kiingereza."

Akaenda. Nilibaki nikilia kama mtoto, na kahawa ikachemka ikamwagika motoni.

Tarehe ishirini na tisa kampuni ilikuja, safari hii na wakili wake, mwanamke kijana aliyeitwa Ednah, miwani puani, nadhifu, asiyepoteza neno. Safari hii ukumbi wa kanisa ulikuwa wazi, tukajaa. Wakili Ednah alisoma kifungu chetu. Akauliza migomba itatambuliwaje ikifa. Ciakuthii akajibu chipukizi lake ndilo linalorithi utepe, mstari wa nne. Akauliza nani atafunga utepe. Ciakuthii akajibu Bwana Mwirigi mwenyewe, mbele ya mkulima, mstari wa tano. Wakili akaitikia kwa kichwa polepole kama mtu aliyeonja supu na kukuta ina chumvi ya kutosha.

"Ni kizuri," akasema. "Nitabadilisha kitu kimoja kidogo. Ushahidi wa watu wawili haumtoshi mteja wangu. Mkulima ataonyesha kadi ya kliniki ya mtoto."

Ukumbi mzima ukashusha pumzi. Kadi tu! Nani hana kadi ya kliniki? Rwamba alikuwa ameshaanza kupiga makofi. "Tia sahihi, Mama Mwenyekiti, tia sahihi!" Bwana Mwirigi akanisogezea kalamu, nikaishika. Nikawaza maji, ada, migomba thelathini na saba mara mia. Kisha nikawaza kama adui, kama nilivyofundishwa siku hizo zote bila kujua. Mtoto asiye hai ana kadi gani?

Nikamtazama Ciakuthii. Alikuwa amekodolea macho karatasi. Alikuwa amekwisha kuona. Na alikuwa haniombi kitu.

Nikaweka kalamu chini.

"Hapana," nikasema. "Kadi hatutaki."

"Mama," akasema Mwirigi kwa upole, "mabomba yataanza kung'olewa kesho."

"Ng'oeni."

Ngai! Kelele zilizozuka! Rwamba alinivuta rinda karibu linipasukie. Kuna aliyeniita mwendawazimu, na sikumlaumu, kwa maana sikuwa na mpango wowote. Nilikuwa na ubishi tu, na ubishi haunyweshi mgomba.

Ciakuthii akainuka. "Wakili, naomba kuuliza. Mnaogopa nini hasa kwenye mashahidi wawili?"

"Wanaweza kudanganya. Wakidanganya hakuna kinachowapata. Kifungu chenu hakina adhabu."

"Ni kweli," akasema Ciakuthii. "Nilisahau. Nani, afanye nini, lini, na asipofanya, nini kinampata. Nilikosa la mwisho." Akaomba kalamu, ileile niliyoiweka chini, akainama mezani akaandika palepale, kwa mkono, mbele ya watu zaidi ya arobaini waliokuwa wakimpigia kelele. Hakufuta hata neno. Kisha akasoma kwa Kiswahili ili wote wasikie: shahidi akithibitika amesema uongo, migomba yake mwenyewe miwili ya utepe mweupe inakuwa ya kampuni tangu siku hiyo, na haitarudishwa.

"Hapa kijijini," akaongeza, "mwanamke hawezi kuikosa migomba hiyo na bado akaenda kwa mzazi. Hatauza heshima yake kwa mkungu mmoja. Na kadi za kliniki zina siri za hospitali ndani yake. Kampuni iko tayari kuzitunza, na kujibu zikionekana sokoni?"

Wakili Ednah alichukua karatasi. Akasoma, akarudia.

"Nani aliandika kifungu hiki chote?"

"Ni mimi."

"Ulisomea wapi?"

"Runyenjes," akasema Ciakuthii. "Kwenye duka la fotokopi."

Wakili akatabasamu kwa mara ya kwanza. Akachora mstari juu ya kadi ya kliniki, akaandika herufi za jina lake kando, akanisogezea mkataba. Nilisoma kurasa zote kumi na tatu kabla ya kutia sahihi, kidole kikifuata mstari kwa mstari, na hakuna mtu aliyethubutu kuniambia niharakishe.

Mvua ilirudi mwezi wa Oktoba. Mwirigi alifunga tepe nyeupe shamba kwa shamba, na mimi nikabaki na nakala yangu ya mkataba, nikiisoma kila nikipata nafasi. Tabia ya kutafuta tundu ukishaizoea haikutoki. Siku moja ya Novemba nikalipata. Nilicheka peke yangu hadi kuku wakakimbia. Ciakuthii alikuwa ameandika mzazi ni nani, ushahidi ni upi, adhabu ni ipi. Hakuandika mzazi apelekewe ndizi ndani ya muda gani tangu ajifungue.

Nikamwita Rwamba. Tukajaza fomu, sisi wawili mashahidi. Jina la mzazi, tukaandika Ciakuthii. Tarehe ya kujifungua, Aprili 1989. Tukampelekea Bwana Mwirigi, naye akaisoma, akageuza akatazama nyuma, akasoma tena.

"Hii tarehe..." akaanza.

"Soma kifungu," nikamwambia. "Nionyeshe mahali panaponizuia."

Alipatafuta kwa muda. Kisha akavua kofia, akaitia fomu ndani ya faili, akasema hana pingamizi.

Tulienda asubuhi ya Jumamosi, wanawake thelathini na sita, kila mmoja na mzigo wake: kuni, njahi, unga wa uji, na mikungu yenye utepe mweupe. Tulipita njia ya juu, ile ya langoni. Tuliimba. Ciakuthii akatoka zizini na ndoo mkononi, akatutazama, akatazama nyumba za majirani.

"Ni nani amejifungua?" akauliza.

"Ni wewe," nikasema.

Nikamwona anatembea na kifungu kichwani, mstari kwa mstari, mpaka akafika penyewe. "Sikuweka muda," akasema kwa sauti ndogo. "Mzee Mbaka ataniua." Halafu ndoo ikamtoka mkononi, akakaa chini kwenye nyasi, akalia kilio ambacho nadhani alikuwa amekishika miaka ishirini. Tukakaa naye. Muturi alikuja mlangoni akasimama ameshika kizingiti, na yeye akilia.

Alipotulia nikamuuliza jambo ambalo kila mzazi huulizwa siku ya kwanza, na ambalo hakuna mtu Kanja nzima aliyewahi kumuuliza. Nikamuuliza jina la mtoto.

"Alikuwa msichana," akasema. "Anaitwa Mwendwa."

Tukalirudia jina hilo sote, halafu tukaingia jikoni kumenya ndizi.